Addis Ababa: nyumba tuliipata kwa saa za kwetu

Mume wangu alipopata kazi Addis Ababa, Agosti 2024, kila aliyewahi kubadilisha ndege Bole, uwanja wa ndege wa huko, akawa mshauri wetu. Msibebe vyombo, kila kitu kipo. Lugha isiwasumbue, Kiingereza kinatosha. Nyumba mkiipata, malizeni biashara haraka. Makoti ya nini, si Afrika hiyo hiyo? Wallahi ningewapata wote hao ningewasimamisha Gerji, mtaa wa huko, asubuhi na mapema, mvua inanyesha, wamevaa dera. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na Agosti ndiyo masika yao. Mimi mtoto wa Tanga nililala na soksi, kanga na koti la mume wangu. Yeye alijifunika taulo.

Tulifikia hotelini, na hoteli inakula pesa, kwa hiyo nyumba ilitakiwa haraka. Mzungu mmoja wa kazini kwao, mwenyeji wa miaka, akajitolea. Dalali alimwandikia kwa Kiingereza kwamba twende saa "4:00", naye akatupeleka saa kumi jioni. Tope hadi vifundoni, tunagonga geti. Mlinzi akachungulia, akatutazama kwa huruma, akanyoosha vidole vinne, kisha akaelekeza mkono kule linakochomoza jua. Mzungu akaanza kulalamika kwamba watu wa huku hawajali muda. Mimi nikaangua kicheko mpaka mume wangu akanifinya. Saa nne asubuhi! Wahabeshi, yaani Waethiopia, wanahesabu saa kama sisi: jua likishachomoza ndiyo saa moja. Mwenye nyumba alitungoja asubuhi nzima, akachoka, akampa mtu mwingine.

Kuanzia hapo nikachukua simu mimi. Namba nilizidaka kwenye daladala zao za bluu na nyeupe, kwa kumsikiliza konda tu: and, hulet, sost, arat. Nikamwandikia dalali "tiwat sost seat", saa tatu asubuhi. Akanipigia hapo hapo akiniongelesha Kiamhari mfululizo, akidhani mimi ni Mhabeshi niliyerudi kutoka ughaibuni. Saa tatu kamili tuko sebuleni kwa mama mwenye nyumba.

Hapo sasa ndipo ushauri wa "malizeni biashara haraka" ungetuponza. Yule mama alikaa kwenye kigoda, akakaanga kahawa mbichi kwenye kikaango, akakipitisha puani mwa kila mmoja tunuse moshi, ndipo akatwanga. Bisi kwenye sinia, majani mabichi yametandazwa sakafuni. Kahawa ni mikupuo mitatu: abol, tona, baraka. Mume wangu alishaanza kuaga kwenye wa pili, nikamkanyaga mguu. Bei iliyotajwa kwenye abol ilikuwa ya dola, ya kutuona wageni. Kufika baraka imeshakuwa ya birr, pesa yao, na imeshuka vya kutosha kununua godoro na mablanketi. Kunywa taratibu, sifia kahawa, bei usiiguse mpaka aiguse yeye.

Mkataba ulipokuja, mume wangu akagoma kusaini. Umeandikwa Nehase, mwezi wao, 2016! Akadhani tunauziwa karatasi ya mpangaji wa zamani. Kalenda yao iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi, na ina miezi 13. Wiki chache baadaye, Septemba 11, wakaingia 2017 kwa mioto na maua ya njano.

Nyama nayo ina siri yake. Tuliwakuta kwenye Filseta, mfungo wa Wakristo wa Orthodoksi wasiokula nyama, na mabucha yenye alama ya msalaba mengi yalikuwa kimya. Tafuta yenye mwezi na nyota, ya Waislamu. Sisi tulikuwa tunayatafuta hayo hata hivyo, tukala nyama wakati jirani yetu Mkenya anasononeka na dengu.

Ila maharage! Juu kule maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Niliyabandika adhuhuri, tukayala baada ya isha, bado yanagonga meno. Presha kuka niliiacha Tanga kwa sababu kila kitu kipo. Kipo kweli, soko kubwa la Merkato, kwa bei iliyonifanya niizunguke mara mbili kabla ya kufungua pochi.

Kama unakuja karibuni, nibebee unga wa sembe. Dona usiniletee.