Mchanga chini ya bwawa

Jamani mnaotunza mabwawa ya kuogelea, hili liwafae. Bwawa la nyumba ya wageni hapa Nyali linasafishwa jioni, asubuhi sakafuni kuna vumbi la kahawia. Wengi walisema ni upepo wa bahari. Nikachota kidogo, nikasugua kwa vidole: linakwaruza. Mwani uliokufa ungekuwa laini, na ungetimka kama moshi ukiguswa na brashi. Tena lilirundikana pale pale maji yanaporudi kutoka kwenye filta, lile tangi lenye mchanga wa kuchuja maji. Basi ni mchanga wa filta yenyewe! Tulipoifungua, vijibomba vya chini, vinavyopitisha maji na kuzuia mchanga, vilikuwa vimepasuka. Tumeweka vipya, tukafyonza sakafu yote huku maji yakimwagwa nje moja kwa moja, yasipite tena kwenye filta. Nimefurahi mno. Sasa tunajaza maji na kupima klorini kabla watoto hawajaingia.