Pasi za Komoro na mtu anayeshika ufunguo

Siku hizi kila kisiwa kilichobanwa na bajeti kinafikiria kuuza uraia. Nauru, kisiwa cha Pasifiki, iliingia sokoni mwaka 2025, bei ikianzia dola 105,000, ikisema fedha zitasaidia kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Nikisoma habari kama hizo moyo wangu huenda Ngazija, kisiwa kikuu cha Komoro, alikotoka bibi yangu mzaa baba, kwa sababu Wakomoro walishalijaribu jambo hili na bado wanalilipia.

Sheria ya uraia wa kiuchumi, yaani ya kuuza uraia, ilipita Moroni, mji mkuu wa Komoro, Novemba 2008, wakati wa Rais Ahmed Abdallah Sambi, baada ya wabunge kuikataa mara ya kwanza. Nchi ilikuwa hoi mwaka ule. Mwezi Machi majeshi ya Umoja wa Afrika, askari wetu wa Tanzania wakiwemo, yalishuka kisiwa cha Nzwani kumwondoa Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa hicho aliyegoma kuachia madaraka. Walimu na wauguzi walikuwa wamezoea kungoja mishahara kwa miezi. Ndipo Bashar Kiwan, mfanyabiashara Mfaransa mwenye asili ya Syria aliyekuwa na shughuli zake Kuwait, akaja na shauri: Falme za Kiarabu zina maelfu ya watu wasio na uraia wa nchi yoyote, wale wanaoitwa mabidun. Komoro iwape pasi, Falme zilipe. Kiasi kilichotajwa ni dola milioni 200 kwa familia 4,000, nazo zingejenga barabara, bandari na umeme.

Sisi wa Unguja habari hii inatuhusu. Baada ya 1964 familia nyingi zilikimbilia Dubai na Abu Dhabi, na zimo zilizozaa na kujukuu kule bila ya karatasi. Baadhi yao leo wana pasi ya Komoro mkononi, na Moroni hawajapata kuiona. Mpango wenyewe haukukusudia waende. Mwaka 2012 Ahmed Abdul Khaleq, mwanaharakati aliyekuwa bidun, alipewa pasi hiyo kisha akatolewa Falme za Kiarabu na kupelekwa Thailand. Pasi ilimfanya mgeni mahali alipoishi maisha yake yote, na mgeni hufukuzika. Hili peke yake lingetosha kunifanya niichukie biashara ile, hata kama kila senti ingefika hazina.

Wala hazikufika. Biashara ilikua kupita mpango wa kwanza, na ripoti ya bunge la Komoro ya 2018 ilisema hadi dola milioni 971 hazijulikani zilipo. Novemba 2022 Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini mkubwa. Yeye amekanusha siku zote, na wapo wengi wanaoona kesi ilikuwa ya kisiasa. Mimi si hakimu. Ninachokijua ni kwamba ami yangu aliye kusini mwa Ngazija, mkulima wa vanila, bado anawasha taa ya mafuta jioni nyingi.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za wauza viungo hapa mjini, na pato lolote likiletwa mezani kwangu nauliza kwanza: nani anaweza kulikata? Mvua ikikata karafuu, mwakani itarudi. Pasi je? Anayenunua pasi ya kisiwa hanunui kisiwa, mara nyingi ananunua ruhusa ya kuingia Ulaya au Uingereza bila viza, na ruhusa hiyo si mali ya kisiwa. Mwuzaji anauza mlango wa nyumba ya jirani, na ufunguo anao jirani.

Vanuatu, visiwa vya Pasifiki vinavyouza pasi, wameyaona. Kuna mwaka pasi zilikaribia kuwa nusu ya mapato ya serikali yao. Umoja wa Ulaya ukaanza kusitisha msamaha wa viza mwaka 2022, Uingereza ikafuata Julai 2023, na Desemba 2024 Ulaya ikaufuta moja kwa moja. Hakuna mbunge wa Vanuatu aliyepiga kura katika maamuzi hayo. St Kitts na Nevis wa Karibiani, walioanzisha biashara hii mwaka 1984, walifunga kiwanda chao cha sukari mwaka 2005 wakaegemea pasi zaidi. Mwaka 2014 Kanada ikawawekea tena sharti la viza.

Komoro imepigwa kwa njia hii hata baharini. Iliuza bendera yake, yaani ilisajili kama zake meli za kigeni ambazo haikuwa na uwezo wa kuzisimamia, na mwaka 2017 Ulaya ikaipa kadi nyekundu kwa uvuvi haramu. Samaki wa Komoro wakafungiwa soko kwa makosa ya mabaharia ambao hata Kingazija hawakijui. Bendera na pasi ni biashara ile ile: unakodisha jina lako, na mwenye kulichafua ni mwingine.

Lakini siwezi kumwambia Waziri wa Dominica, kisiwa cha Karibiani kinachouza pasi pia, aache kesho. Kimbunga Maria mwaka 2017 kiliharibu mali iliyozidi pato la kisiwa la mwaka mzima, na fedha za pasi zikajenga nyumba za watu. Ninachokipenda kwao ni jotoardhi: wamechimba mvuke Bonde la Roseau kwa mtambo wa megawati 10, wapunguze dizeli. Umeme huo hauhitaji muhuri wa Umoja wa Ulaya. Karthala, mlima wa Ngazija, nao ni volkano hai, na wataalamu wameshaupima mlima ule kwa kazi hiyo hiyo. Fedha za 2008 zingekwenda huko!

Nzwani wanatoa mafuta ya langilangi yanayotafutwa na watengeneza manukato wa Ufaransa, lakini kuyachemsha kunakula kuni nyingi mno, na mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka. Moto wa bei nafuu ungeokoa msitu na zao kwa pamoja. Vanila nayo bei yake inaamuliwa Madagaska. Ami anaiuza mbichi kwa sababu hana mahali pa kuikausha vizuri, na faida kubwa ya vanila imo katika kukausha.

Halafu kuna Marseille. Fedha wanazotuma Wakomoro walioko Ufaransa zinazidi kwa mbali mauzo yote ya nje ya nchi, na sehemu kubwa inaishia kwenye ndola nkuu, ile harusi kubwa inayompa mtu heshima ya mji. Siibezi, bibi yangu aliitamani hadi anakufa. Ila hao ndio raia wa kweli, wenye makaburi ya wazee wao Ngazija. Serikali iwauzie hati fungani ya kujenga vikaushio na umeme, yenye riba inayolipwa kwa wakati. Watu hawa hawahitaji viza ya mtu kuipenda nchi yao.

Na kisiwa ambacho tayari kimezama katika pasi, naomba bunge lake litunge sheria moja: fedha hizo zisiwe tegemeo la mishahara. Mwaka wa kwanza robo tu iingie kwenye matumizi ya kawaida, iliyobaki iwekwe mfuko wa akiba unaokaguliwa hadharani, na robo hiyo ipungue kila mwaka hadi mwaka wa tano iwe sifuri. Mikataba yote ichapishwe, jina la wakala na kamisheni yake, kwa lugha wanayoisoma wavuvi.