Barabara Hazikuwa Tupu: Kuzisoma Picha na Filamu za Miji ya Enzi ya Malkia Victoria

Picha nyingi za London au Glasgow zilizopigwa kabla ya 1870 zinaonyesha barabara pana isiyo na mtu hata mmoja, na watazamaji huamini kwamba miji ile ilikuwa mitulivu. Si kweli. Watu walikuwapo, farasi walikuwapo, mikokoteni ilisongamana. Kilichowafuta ni muda ambao lenzi ilikaa wazi. Kwa hiyo ukishika picha ya zamani ya barabarani, kabla hujauliza ni mtaa gani, uliza lenzi ilikaa wazi kwa muda gani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni picha aliyoipiga Mfaransa Louis Daguerre mwaka 1838 kutoka dirishani, akielekeza kamera kwenye Boulevard du Temple, Paris. Lenzi ilikaa wazi kwa dakika kadhaa, basi magari yote yaliyopita hayakuacha hata kivuli. Itazame pembe ya chini kushoto: kuna mtu amesimama, mguu mmoja ameuinua, anang'arishiwa kiatu. Alionekana kwa sababu alitulia. Tena picha yenyewe imegeuzwa kushoto kulia, kama ilivyo kawaida ya picha zilizotoka moja kwa moja kwenye bamba la shaba lenye fedha. Ukiilinganisha na ramani ya mtaa bila kuigeuza, utapotea.

Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kolodioni, kimiminika kinachonata kinachoshikilia dawa ya picha juu ya kioo, na kwa miaka kama 30 hiyo ndiyo iliyotawala. Mpiga picha alimwaga kolodioni juu ya kioo, akakizungusha mkononi mpaka itandae sawasawa, akakizamisha kwenye nitrati ya fedha kwa dakika chache, akakitia kwenye kamera kikiwa bado kibichi, akapiga, akakisafisha papo hapo. Kazi yote ilipaswa kuisha ndani ya dakika 10 hadi 15, maana kolodioni ikikauka haipokei tena mwanga wala dawa. Ndiyo maana alitembea na hema la giza au gari lenye chumba cha giza, na ndiyo maana wapita njia walisimama kumkodolea macho. Wale unaowaona wazi kwenye picha za wakati huo mara nyingi ni hao waliokuwa wakimshangaa. Shughuli za kweli za mtaa zimegeuka ukungu.

Mpiga picha Thomas Annan alipiga vichochoro vya Glasgow kati ya 1868 na 1871, kabla ya mitaa ile kubomolewa. Vichochoro vilikuwa vyembamba na mwanga ulifika chini kwa shida, hivyo muda ukawa mrefu. Matokeo yake ni kwamba mawe ya ukutani unaweza kuyahesabu, lakini nguo zilizoanikwa juu zimekuwa wingu jeupe, na mtoto aliyegeuza kichwa ana mwili usio na uso. Usiifute kasoro hiyo kwa programu. Ukungu ule ni ushahidi: unakuonyesha kipi kilisogea na kwa upande gani.

Je, waliwezaje basi kupiga barabara yenye watu tangu 1859, kama alivyofanya mpiga picha George Washington Wilson kwenye Princes Street, Edinburgh? Alitumia kamera ndogo ya picha pacha, yaani ile inayotoa picha mbili za kutazamwa pamoja. Lenzi fupi hutoa taswira ndogo yenye mwanga mkali, kwa hiyo muda unapungua mpaka sehemu ya sekunde. Kisha kamera huwekwa juu, ikitazama urefu wa barabara. Gari linalokujia au kukuacha husogea kidogo sana kwenye kioo. Gari lilelile likikatiza mbele yako huacha mchirizi. Ukikuta picha ya miaka ya 1860 iliyojaa watu wasio na ukungu, karibu kila mara imepigwa kwa namna hiyo.

Mbingu nyeupe nazo zisikudanganye. Kolodioni iliona buluu kupita kiasi na nyekundu haikuiona kabisa, hivyo anga lilitoka jeupe tupu na matofali mekundu yakawa meusi. Wengine walichapa mawingu kutoka kioo cha pili. Linganisha upande wa vivuli mtaani na upande ambao mawingu yameangazwa. Visipopatana, mawingu yameazimwa.

Kwenye filamu tatizo hugeuka: sasa ni kasi. Kamera ya 1895 ya ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, ilizungushwa kwa mkono, mizunguko miwili kwa sekunde, yaani fremu (picha moja moja za filamu) 16 hivi kwa sekunde. Filamu yenye fremu 800 ilidumu sekunde 50. Ikionyeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde inaisha kwa sekunde 33, na ndipo unapoona watu wakitembea kama wanaofukuzwa. Kujua kama video imeharakishwa, chagua mtu mzima anayetembea kawaida, hesabu hatua zake kwa sekunde 10. Zikiwa 18 hadi 20, kasi ni nzuri. Zikikaribia 30, irudishe hadi theluthi mbili. Lakini kwanza ipitie fremu kwa fremu: ikiwa kila fremu ya tatu inajirudia, mtu alishairekebisha, na ukiipunguza tena utaiharibu. Mkono wa binadamu pia huchoka. Mahali ambapo picha inang'aa ghafla na watu wanakimbia kwa wakati mmoja, mpigaji alikuwa amepunguza mzunguko.

Video zilizopitishwa kwenye akili mnemba, zikawekwa rangi na sauti za kwato, zinaniudhi, kwa sababu zinauzwa kama "uhalisia". Filamu ya miaka ya 1890 haikuhifadhi rangi yoyote. Mabasi ya farasi ya London yalipakwa rangi kulingana na njia zake, na programu huyapaka kahawia au kijivu kwa kubahatisha. Uso wa mtu aliye mbali ni chembe chache tu za fedha. Uso unaouona umechorwa upya. Soma mabango ya maduka: herufi zisipounda neno, hata nyuso usiziamini.

Kuhusu tarehe, tazama vyombo vya usafiri. Abiria wa juu ya basi wakiwa wameketi kwa kupeana migongo, hilo ni basi la muundo wa zamani. Viti vinavyotazama mbele viliingia London mwaka 1881. Ya zamani yaliendelea kufanya kazi, kwa hiyo kiti kipya hukupa mwaka wa mapema unaowezekana, wala hakikupi mwisho. Baiskeli yenye magurudumu sawa na mnyororo ni ya 1885 au baadaye. Sanamu ya Piccadilly Circus ni ya 1893, Tower Bridge ya 1894. Tramu za umeme zilianza kazi ya kawaida barabarani London Aprili 1901, zaidi ya miezi miwili baada ya Victoria kufariki, lakini mjini Leeds zilikuwapo tangu 1891. Na zile filamu za Mitchell na Kenyon, watengenezaji filamu wa Uingereza, takriban negativu (filamu asilia zilizopita kwenye kamera) 800 zilizopatikana mjini Blackburn mwaka 1994, nyingi ni za 1900 hadi 1913. Zinazunguka mitandaoni kama za enzi ya Victoria, ilhali sehemu kubwa ni za Edward wa Saba na George wa Tano.