Kete saba kwenye kona moja

Tulikuwa tukisubiri raundi inayofuata ya mashindano, nami nimeinama kwenye simu nikitegua mafumbo ya sataranji. Programu ile ilikuwa imenipa kiburi. Karibu kila fumbo lilikubali dawa moja: mpe mfalme cheki, yaani mtishie kumla, mpe tena, amekwisha. Mzee mmoja aliyekuwa akirekebisha saa za mchezo alinitazama kwa muda, akavuta ubao uliokuwa karibu, akapanga kete saba tu.

Nyeupe: mfalme c8 (herufi ni safu ya ubao, nambari ni mstari), ngome a1, askari b6. Nyeusi: mfalme a8, askofu b8, askari wawili a7 na b7.

"Nyeupe inaanza. Chekimeti, mfalme ametishwa na hana pa kukimbilia, kwa hatua mbili. Usiguse kitu, kijana, tumia macho."

(Kumwambia mtu "hatua mbili" ni kumpa nusu ya jibu. Katika mchezo wenyewe hakuna wa kukunong'oneza kwamba mfalme wa mwenzako yuko taabani.)

Nikaanza na cheki, kama kawaida yangu. Cheki ilikuwa moja tu: ngome imle askari wa a7. Askofu anaila, basi, sina tena cha kumtishia mfalme. Nikafikiria askari wangu ale a7. Hapo napo askofu anamla, na ngome ikimla askofu, mfalme anaila ngome. Kichwani nilikuwa na ule mchezo wa Paul Morphy, bingwa wa sataranji wa Marekani, kwenye jumba la opera la Paris mwaka 1858, alipomtoa malkia wake kwa cheki ili farasi amle, kisha ngome ikamaliza kazi d8. Nikawa natafuta kishindo cha namna ile. Malkia mwenyewe sina.

"Mzee, una hakika umezipanga sawasawa?"

"Nimezipanga sawasawa. Hebu acha kumtazama mfalme wake. Tazama ana kete gani ya kusogeza."

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu hatua za mwenzangu badala ya zangu. Mfalme mweusi hana pa kwenda. Askari wa b7 amezibwa na wangu wa b6. Askofu akiondoka tu, ngome inamla askari wa a7 ikilindwa na askari wangu, na mchezo umekwisha. Aliyebaki na nafasi ya kupumua ni askari wa a7: kula pembeni hawezi, maana atamwacha mfalme wake wazi mbele ya ngome, lakini kusonga mbele anaweza.

Basi nimzibe.

"Ngome a6," nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Haikuwa cheki. Ilikuwa ngome nzima imewekwa mdomoni mwa askari. Askari wa b7 akiila, wangu anasogea b7 na mfalme anafia palepale, amezingirwa na watu wake mwenyewe. Asipoila, inabidi askofu aondoke, kwa kuwa hakuna hatua nyingine halali. Nyeusi ingeruhusiwa kukaa kimya, ingenusurika, lakini sataranji hairuhusu mtu kupitisha zamu. Nililipenda jibu lile kuliko mafumbo yote ya simuni, na bado nalipenda.

Mzee hakunipongeza. "Askofu akienda h2?"

"Ngome inakula a7."

"Akija c7?"

"Vilevile."

"Na kwa nini usiiweke ngome a5?"

"Askari wa a7 atasogea a6, nimembakizia pumzi."

Ndipo akaniambia kwamba fumbo hilo linahusishwa na Morphy huyohuyo wa opera, na kwamba inasemekana alilitunga angali mtoto. Raundi ilipotangazwa alikuwa ameshafuta ubao na kupanga jingine, la hatua tatu, na mpinzani wangu alilazimika kuja kunivuta mkono mezani pale.