Nilivyopima oili ya bodaboda kabla ya kukubali injini ifunguliwe

Pikipiki yangu ya cc 150 inapiga boda kati ya Malindi mjini, Mambrui na Gongoni. Kijana anayeiendesha alianza kuniambia injini ina kelele, na oili inageuka nyeusi mapema kuliko zamani. Fundi aliisikiliza, akakata shauri palepale: "Bosi, hizi ni ringi za pistoni. Tushushe injini, tuchonge silinda, tuweke pistoni mpya." Huenda angekuwa sahihi, na ni fundi ninayemheshimu. Lakini injini ile ilikuwa haijafunguliwa tangu dukani, na mimi sipendi kuona injini nzima ikifunguliwa juu ya gunia huku upepo unaleta mchanga. Nikamwomba asubiri kidogo.

Kazini kwangu tunahudumia jenereta za hoteli, na oili zake hupelekwa Mombasa kupimwa maabara. Nikajiuliza, kwa nini isiwe ya pikipiki? Injini ni injini.

Kuchukua sampuli kunataka uangalifu. Pikipiki iendeshwe kwanza hadi ipate moto, ili uchafu uliotuama uchanganyike. Ukilegeza nati ya chini, acha oili ya mwanzo imwagike, maana hiyo inabeba vumbi la nje; kinga ile ya katikati kwenye chupa safi iliyokauka kabisa. Juu ya chupa niliandika aina ya oili na kilomita ilizotembea. Nikatuma pia oili mpya ya aina ileile, ili maabara ipate cha kulinganishia.

Majibu yalionyesha kiasi cha kila madini ndani ya oili, kwa kipimo cha sehemu ngapi katika kila sehemu milioni. Chuma kilikuwa juu, alumini juu, na silikoni juu zaidi ya nilivyotarajia. Shaba na kromu zilikuwa chini. Hapo ndipo nilipokaa na karatasi ile jioni nzima. Chuma hutoka kwenye silinda na gia, alumini kwenye pistoni, kromu mara nyingi kwenye ringi. Silikoni nyingi kwa kawaida ni mchanga, ingawa gundi ya gasketi nayo huweza kuileta. Injini yangu haikuwa imewahi kupakwa gundi hiyo. Basi mchanga ulikuwa unaingia, na ndio uliokuwa unasaga vyuma.

Nilirudi kwa fundi na karatasi mkononi, nikamwomba tufuate njia ya hewa kabla ya kugusa kitu kingine. Chujio lilikuwa safi. Akashika ule mpira unaounganisha chujio na kabureta, akaupinda kwa vidole, na upande wa chini, usioonekana ukisimama, ufa ukafunguka kama mdomo. Ndani yake kulikuwa na vumbi la rangi ya barabara ya Gongoni. Hewa ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye injini bila kupitia chujio. Fundi alinyamaza, kisha akasema, "Bosi, huu mpira ndio adui." Tukaubadilisha, tukamwaga oili, tukaweka mpya.

Sampuli iliyofuata, baada ya kilomita zilezile, ilionyesha silikoni imeshuka sana na chuma kimeifuata. Kelele haijaisha yote, kwa sababu kilicholika hakirudi, lakini kulika kumepungua na injini bado haijafunguliwa.

Karatasi ilinifunza jambo jingine. Oili yetu ya 20W-50 ilikuwa imepoteza mnato hadi kufikia kiwango cha 40, yaani imekuwa nyepesi kuliko ile 50 iliyoandikwa. Kwenye pikipiki, oili hiyohiyo moja, kiasi cha lita moja tu, inalainisha injini, gia na klachi, na meno ya gia huikatakata. Tangu hapo tunamwaga oili mapema zaidi, na sinunui isiyo na alama ya JASO MA, inayofaa klachi zinazozama ndani ya oili.

Kupima si kwa kila mara. Gharama yake inazidi bei ya lita ya oili yenyewe. Mimi napima nikiwa na shaka, au kabla ya kununua pikipiki iliyotumika. Tena kipimo hiki huona chembe ndogo mno tu. Vipande vikubwa vya chuma hukipita, kwa hiyo kila oili inayomwagwa tunaichuja kwa kitambaa cheupe, tukakitazama juani.