Chupa Nane Juu ya Uchanja

Niliamka nikakuta chupa zetu nane zimepangwa juu ya uchanja, midomo chini, zinameremeta. Mama wa usafi wa ile nyumba ya wageni amesimama kando na stiliwaya mkononi, uso umejaa bashasha.

"Mzee, nimewaoshea. Zilikuwa zanuka dawa."

Mpwa wangu akatoka chumbani, akatazama, akaketi chini sakafuni. Hakusema neno.

Hiyo dawa ilikuwa asidi. Zile chupa zililowekwa wiki nzima kwenye maabara Nairobi, zikasuuzwa kwa maji yasiyo na chembe ya kitu, zikaachiwa asidi kidogo ndani, kisha zikavikwa mifuko miwili miwili. Kazi yetu ilikuwa kuteka maji ya mto Sabaki unapoingia baharini, ili mpwa wangu akayapime. Kwa kazi hii sabuni ni uchafu. Neodimi, metali anayoifuatilia huyu binti, baharini ni gramu chache tu ndani ya tani milioni moja za maji. Sasa mtu akipitisha stiliwaya na maji ya bomba lenye kutu, atakachopima ni bomba. Mimi mwenyewe niliamriwa kuvua pete ya ndoa kabla hatujaondoka, na mke wangu bado ana maswali.

Tulikuwa tumetoka mbali. Ya treni siyasemi, ila chai yao ni ghali na ni maji matupu. Kutoka Mombasa hadi Malindi, kilomita kama 120, matatu ilitubana wanne kwenye kiti cha watatu, sanduku la chupa mapajani mwangu. Chumba elfu tatu mia tano, feni inazunguka ikijisikia.

Chupa nyingine nne zilipona kwa kuwa niliziweka chini ya kitanda. Mama wa watu aliomba radhi hadi nikaona haya mimi. Halafu akauliza: Sabaki lote ni tope, chupa safi ya nini?

Mpwa wangu, hasira zimeshampoa, akaokota kokoto mbili uani. Mawe yana umri, mama, akamwambia. Samari 147, metali nyingine iliyomo ndani yake, hugeuka neodimi 143 (namba ni uzito wa atomu), polepole mno: nusu yake huchukua miaka bilioni 106. Mwamba mkongwe ulioanza na samari haba huwa na neodimi 143 kidogo kuliko lava changa. Mto wetu unaanzia kwenye mawe ya volkano upande wa Nairobi ukiitwa Athi, unapita kandokando ya lava ya Yatta, unakata miamba ya Tsavo yenye zaidi ya miaka milioni 500, unaitwa Galana, kisha Sabaki. Mvua na hewa huyaozesha mawe, mto ukabeba, na kila jiwe linafika baharini na alama yake.

"Kama mtoto na sura ya babake," akasema mama. Miaka thelathini na moja nimesomesha, sikupata kuwa na mwanafunzi kama huyo.

Mlangoni mwa mto nahodha alidai elfu sita, tukapatana elfu nne, bila injini, kwa sababu injini nayo ni chuma. Tulikuwa mwishoni mwa Novemba, vuli imemwagika bara. Maji mekundu yalikutana na ya kijani kwa mstari ulionyooka kama mshono wa kanzu. Hapo kwenye chumvi, chuma na udongo laini huganda kama maziwa yaliyotiwa ndimu, vikazama na sehemu kubwa ya neodimi iliyokuwa imeyeyuka. Bari, metali nyingine, hufanya kinyume: huachia udongo, huingia majini, na matumbawe huijengea mifupa yao. Tumbawe moja la hapo Malindi, lenye rekodi ya miaka 300 hivi, lilionyesha bari ikipanda kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, udongo wa bara ulipoanza kukimbia.

Hapo nikanyamaza. Kijito cha kwetu kinaingia Thwake, nayo Thwake inaingia Athi. Nilimwona baba akichimba fanya juu, mitaro ya kuzuia mmomonyoko, akitupa udongo upande wa mlimani, koleo kwa koleo, msimu kwa msimu, na bado kila masika kijito kilipita chekundu. Nilidhani ule udongo ulipotea tu. Nikatia kidole kwenye lile tope, mpwa wangu akanikemea: glavu, Mjomba!

Chupa mbili tukajaza mtoni, moja pale kwenye mshono, moja nje kwenye kijani. Zile nane tukamwachia mama, atilie mafuta ya nazi.

Kurudi, utingo akaliinua sanduku.

"Mna nini humu?"

"Maji ya Sabaki," nikasema.

Alicheka hadi akashika mlango. Kisha akatutoza mia tatu ya mzigo.