Jinsi tulivyounganisha radio na skana katika hospitali yetu ya Lubumbashi

Katika hospitali ninayofanyia kazi hapa Lubumbashi, picha za radio (eksirei) zilikuwa zikichapishwa kwenye filamu na kukabidhiwa mgonjwa mwenyewe, naye alizibeba ndani ya bahasha kubwa hadi kwa daktari, kisha akaenda nazo nyumbani, na mara nyingi hazikuonekana tena. Aliyevunjika paja aliporudi baadaye ili kuangaliwa kama mfupa umeunga, daktari hakuwa na picha ya kwanza ya kulinganisha nayo. Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta, nami ndiye niliyepewa jukumu la kuunganisha chumba cha radio, skana (mashine ya CT, inayopiga picha za mwili kipande kwa kipande), idara ya dharura na chumba cha upasuaji, ili picha zihifadhiwe mahali pamoja na kutazamwa popote ndani ya hospitali. Ninaandika kwa ajili ya mwenzangu atakayepewa kazi kama hii Likasi, Kolwezi au hapahapa mjini, maana ugumu wake mkubwa haukuwa kwenye nyaya wala kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayohifadhi picha, bali kwenye jina la mgonjwa.

Upande wa mashine, kazi ni nyepesi kuliko inavyoonekana kwa mbali. Karibu mashine zote za kisasa za picha za tiba hufuata kanuni moja iitwayo DICOM, iliyotokana na kazi ambayo madaktari wa radiolojia na watengenezaji wa mashine wa Marekani waliianza miaka ya 1980, na ambayo imebeba jina hilo tangu mwaka 1993. Kila mashine hutambulika kwa mambo matatu: anwani yake ya mtandao, namba ya poti (mlango wa mawasiliano wa mashine), na jina fupi la herufi zisizozidi 16. Mashine ya radio huandikiwa mambo matatu ya seva, na seva nayo huandikiwa ya mashine. Kisha fundi hutuma mwito wa majaribio, na jibu likirudi, picha zitapita. Kwa seva tulichagua Orthanc, programu huria iliyozaliwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Liège nchini Ubelgiji kwa kazi ya Sébastien Jodogne, na kutolewa kwa umma mwaka 2012. Haidai leseni ya kulipia, na inaendeshwa vizuri na kompyuta ya kawaida yenye diski za kutosha. Tuliifunga isifikiwe moja kwa moja kutoka kwenye intaneti, kwa sababu picha za DICOM, usipochukua hatua maalumu, husafiri mtandaoni bila kufichwa, na ndani ya kila picha mmeandikwa jina la mgonjwa na tarehe yake ya kuzaliwa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mkongomani huwa na jina, jina la pili na jina la ubatizo, na mtu yuleyule leo hujitaja kwa hili, kesho kwa lile, kutegemea anayemwuliza ni nani. DICOM nayo ina sehemu tano za jina kwa mpangilio wake: jina la ukoo kwanza, kisha jina la kupewa, kisha la kati, na mwisho vyeo vya mbele na vya nyuma. Tulikubaliana, tukaandika na kubandika ukutani, kwamba jina letu la kwanza litakaa mahali pa jina la ukoo, la ubatizo mahali pa jina la kupewa, na la pili mahali pa jina la kati, bila kufupisha chochote. Katika chumba cha radio palikuwa na mazoea ya kufupisha, na ufupisho huo ni hatari. Fikiria watoto wawili mapacha, Kyungu Ilunga na Kabange Ilunga, wamezaliwa siku moja, wote wana kikohozi kisichopona, wameletwa pamoja na mama yao. Fundi wa radio mwenye haraka akiandika «K. Ilunga» pamoja na tarehe ya kuzaliwa, seva haitakuwa na njia yoyote ya kujua mapafu ni ya nani. Mama anayeongoza mapokezi, aliyekaa kwenye kiti kile miaka mingi kuliko sisi sote, aliniambia nilipomweleza shida hiyo: «Mwanangu, hapa kila Kyungu ana Kabange wake.» Kwa sentensi hiyo alikuwa amelielewa tatizo zima, nami nikaona kwamba utaratibu wote ulipaswa kuanzia mezani kwake.

Kwa hiyo namba ya mgonjwa hutolewa mapokezi tu, mara moja kwa maisha yake yote, nayo huandikwa kwenye kadi anayobaki nayo. Asiyekuja na kadi hutafutwa kwanza kwa majina yote matatu, kwa mwaka wa kuzaliwa na kwa jina la mama yake, kabla ya kupewa namba mpya. Wazee wengi hawaijui tarehe yao kamili, na kwao tunaandika mwaka wanaoukadiria pamoja na tarehe 1 Januari. Ndiyo maana tarehe ya kuzaliwa peke yake hatuihesabu kuwa kitambulisho.

Baada ya hapo tukaiwasha orodha ya kazi. Daktari anapoomba picha, ombi huingizwa kwenye kompyuta, na seva hulitoa kama mstari mmoja unaotokea kwenye skrini ya mashine ya radio: namba ya mgonjwa, majina, kiungo kinachopigwa, na namba ya ombi lenyewe. Fundi huchagua mstari huo kwa kidole, naye hana haja ya kuandika hata herufi moja. Kama ningelazimishwa kuacha kila kitu katika mfumo huu na kubaki na kimoja, ningebaki na orodha hii.

Saa za mashine zilihitaji uangalizi wao. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja, na mashine iliyowekwa saa ya Kinshasa huonyesha kwamba picha ilipigwa kabla ya daktari kuiomba, jambo linalovuruga mpangilio wa faili la mgonjwa wa dharura aliyepigwa picha kadhaa usiku mmoja. Sasa mashine zote huchukua saa kutoka kwenye seva.

Kati ya jengo la radiolojia na la dharura tulipitisha faiba, yaani uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga, badala ya waya wa shaba. Anayejua radi za Katanga wakati wa masika ataelewa mara moja: kioo hakipitishi umeme, na pigo likiangukia jengo moja halisafiri kwa njia hiyo hadi kwenye vifaa vya jengo la pili. Seva ina betri zinazoishikilia mpaka jenereta iwake, na kila usiku nakala ya picha mpya hupelekwa kwenye diski zilizoko jengo lingine. Kuhusu nafasi, hesabu ni rahisi: kipande kimoja cha picha ya skana chenye nukta 512 kwa 512 huchukua takriban nusu megabaiti, hivyo uchunguzi wa vipande 300 ni kama megabaiti 150 kabla ya kubanwa.

Madaktari wa usiku walikuwa na desturi ya kuipiga picha skrini kwa simu na kumtumia mwenzao picha hiyo kwa WhatsApp. Sikutaka kuwakataza tu, nilitaka waone wanachokipoteza. Skana hupima kila nukta kwa kipimo ambacho hewa ni −1000 na maji ni 0, lakini skrini haiwezi kuonyesha rangi zote hizo za kijivu kwa pamoja, kwa hiyo daktari huchagua sehemu ndogo ya kutazama. Kwa ubongo kwa kawaida huweka kitovu (katikati ya sehemu hiyo) 40 na upana 80, yaani huona kuanzia 0 hadi 80. Tulifungua kwenye skrini picha ya kichwa cha mgonjwa aliyeanguka kwenye pikipiki. Kwa kipimo hicho utando mwembamba wa damu chini ya fuvu ulikuwa umemezwa na weupe wa mfupa, lakini upana ulipoongezwa hadi 200, damu ikajitenga na mfupa mbele ya macho yetu. Picha ya simu imegandishwa kwenye kipimo kimoja, na aliye mbali hawezi kukibadilisha. Tangu siku hiyo mwenzao aliye nyumbani huingia kwa njia ya siri iliyofungwa kwa nywila yake mwenyewe, akatazama picha halisi.

Mashine ya ekografia (ultrasound) ya jengo la uzazi ni ya zamani na haijui DICOM. Inatoa video tu. Tunatafuta kifaa cha kunasa video hiyo na kuifunga ndani ya faili la DICOM lenye namba kutoka kwenye orodha ya kazi. Kwa sasa wakunga huchapisha karatasi, na namba ya mgonjwa huandikwa kwa kalamu nyuma yake, ileile iliyo kwenye kadi.